Kwa nini kitenzi "get" cha Kiingereza hakitoshi kutafsiriwa "kupata"

Chukua sentensi hii moja ya Kiingereza cha kila siku: "I got up, got dressed, got the bus, got to work, got told off by the boss and got home late." Kitenzi "get", kikiwa katika umbo lake la wakati uliopita, kimetokea humo mara 6. Mswahili anayesimulia habari hiyohiyo atasema: "Niliamka, nikavaa, nikapanda basi, nikafika kazini, nikakaripiwa na bosi, nikachelewa kurudi nyumbani." Ametumia vitenzi 7, na hakuna hata kimoja kati yake ambacho ni "kupata", ingawa "kupata" ndiyo tafsiri ambayo mwanafunzi hufundishwa kwanza na ndiyo anayoikuta juu kabisa anapofungua kamusi.

Kwa hesabu ya maana peke yake, "get" si bingwa wa Kiingereza. Kamusi kubwa ya Oxford, katika toleo lake la pili la mwaka 1989, iliorodhesha maana 430 za kitenzi "set", na wahariri walipokipitia upya kitenzi "run" walifikisha maana 645, idadi iliyojulikana kwa wasomaji wengi mwaka 2011. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maana hizo ni za ufundi, za michezo au za zama zilizopita, na mtu anaweza kuzungumza Kiingereza maisha yake yote bila kuzihitaji. "Get" kina tatizo la aina nyingine. Kimepenya hadi ndani ya sarufi, kikashika kazi za kujenga kauli ya kutendwa, kauli ya kutendesha, wajibu na fursa, na kwa sababu hiyo orodha ya maana, hata ikiwa ndefu kiasi gani, humwacha msomaji palepale alipokuwa.

Naona njia bora ni kuanza na kiini kimoja, kisha kutazama kinachokizunguka. "Get" hueleza kuvuka: mtu au kitu kilikuwa nje ya jambo fulani, sasa kimeingia ndani yake. Jambo lenyewe halitajwi na kitenzi hiki, bali hutajwa na neno linalokifuata. Likifuata jina la kitu, tunaelewa kwamba mtu ameingia katika umiliki. Kikifuata kivumishi, ameingia katika hali. Likifuata neno la mahali, amefika. Kikifuata kitenzi cha kutendwa, ametendewa jambo. Kiswahili hakihitaji kitenzi cha jumla cha namna hiyo kwa sababu hukutia huko kuvuka ndani ya mzizi wa kitenzi chenyewe au katika mnyambuliko wake. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha karibu kila ugumu tunaoupata na neno hili.

Neno lenyewe halikutoka kwa Waingereza. Liliingia katika lugha yao kutoka Kinorsi cha Kale, ambamo "geta" lilikuwa na maana ya kupata au kufikia, na lililetwa na watu wa Skandinavia ambao uvamizi wao uliowashtua sana Waingereza ulikuwa ule wa monasteri ya Lindisfarne mwaka 793, na ambao baadaye walihamia na kuishi kaskazini na mashariki mwa Uingereza. Kiingereza cha Kale kilikuwa na ndugu wa neno hilo, lakini kwa kawaida alitembea na kiambishi mbele yake: "begietan" lilikuwa kupata, na "forgietan" lilikuwa kusahau. Watoto wao bado wapo katika "beget", kuzaa, na "forget", kusahau, ambako ukiangalia muundo wake utaona picha ya mtu aliyeponyokwa na kitu alichokuwa amekishika. Ushahidi wa ugeni wa "get" umo katika sauti yake. Mbele ya irabu kama "e" na "i", sauti ya "g" katika maneno ya asili ya Kiingereza ililainika ikawa "y", na ndiyo maana Mjerumani husema "gelb" pale ambapo Mwingereza husema "yellow". "Get" limebaki na "g" yake ngumu kwa sababu lilikuja na wageni.

Wataalamu wa historia ya lugha huliunganisha neno hili, mbali zaidi nyuma, na kitenzi cha Kilatini "prehendere", yaani kushika au kukamata, ambacho ndicho kilichozaa "comprehend", kuelewa. Miaka mingi baadaye "get" nalo, bila kuiga jamaa huyo wa mbali, lilipata maana ya kuelewa: "I don't get it" ni "sielewi". Kiswahili kimepita njia hiyohiyo kwa miguu yake chenyewe, kwani katika mazungumzo mtu humwuliza mwenzake "umenipata?" akiwa na maana ya "umenielewa?". Wazo la kwamba akili ni mkono unaodaka kitu halihitaji kuazimwa kutoka popote.

Turudi kwenye umiliki, ambako "get" na "kupata" hukaribiana zaidi. Vitenzi vyote viwili haviambii msikilizaji njia iliyotumika. "She got a book" inaweza kuwa alinunua kitabu, alipewa, alikiazima au alikiokota, na "alipata kitabu" huacha milango hiyohiyo wazi. Ukaribu huo huvunjika mara tu watu wawili wanapohusika. "Get me a chair" si "nipatie kiti" kila wakati. Mara nyingi ni "niletee kiti", na kauli ya kutendea ndiyo inayobeba kazi ambayo Kiingereza kimeiachia mpangilio wa maneno. Vivyo hivyo "get the phone" ni kupokea simu inayoita, na "get the door" ni kwenda kumfungulia anayebisha hodi, wala si kujipatia mlango.

Kosa la upande wa pili, la kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, husikika zaidi, na linastahili kuangaliwa kwa makini. Mswahili husema "nilipata ajali", kwa hiyo huandika "I got an accident", ilhali Kiingereza hutaka "I had an accident". Husema "amepata mtoto", lakini Kiingereza hutaka "she had a baby". Husema "tulipata shida", na Kiingereza husema "we had trouble". Kwa upande wa ugonjwa, kinyume chake, "I got the flu" ni sahihi kabisa, na "I got a shock" pia. Hakuna kanuni moja safi inayoyatenga makundi haya mawili. Ni mazoea ya lugha, na mazoea hujifunzwa kwa kusikia na kusoma sana. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba "kupata" kina eneo lake pana ambalo "get" halifiki. Kisu kisichokata huambiwa hakipati. Watu wanaokaribia 200 ni "yapata watu 200". Balaa humpata mtu, na tunauliza yaliyompata, ambapo mtendaji ni tukio na mtu ndiye anayefikiwa. Anayedhani kwamba "kupata" ni neno jepesi na "get" ndilo gumu hajalitazama vizuri neno la lugha yake mwenyewe.

Katika eneo la hali, tofauti ya lugha hizi mbili hujitokeza waziwazi. Kiingereza hutenganisha kuwa katika hali na kuingia katika hali kwa kubadilisha kitenzi na kukiacha kivumishi vilevile: "he was drunk" ni hali, "he got drunk" ni kuingia katika hali hiyo. Kiswahili kina vitenzi ambavyo kuingia huko ndiyo maana yake ya asili, kama kulewa, kuchoka, kuzeeka, kukonda, kunenepa, kushiba, kupoa na kukasirika, na kazi ya kutenganisha imeachiwa viambishi vya wakati na hali. "Alilewa" ndiyo "he got drunk". "Amelewa" ndiyo "he is drunk". "Alikuwa amelewa" ndiyo "he was drunk". Mfasiri anayeandika "alilewa" kwa sentensi ya mwisho amebadilisha habari, kwa kuwa amesimulia tukio pale ambapo mwandishi alieleza hali iliyokwisha kuwapo. Kadhalika "it is getting dark" ni "giza linaingia", na hapo Kiswahili kinakitaja waziwazi kitendo cha kuingia ambacho "get" hukidokeza tu.

Matumizi haya yana mpaka. "Get" hufuatwa na kivumishi, si na jina la cheo au kazi. "She became a doctor" ni kwamba hakuwa daktari, kisha akawa daktari. "She got a doctor" ni kwamba alijipatia au alimtafuta daktari, kwa sababu jina likifuata "get" msikilizaji hurudi mara moja kwenye maana ya umiliki.

Kuhusu mahali, maana ni kufika, mara nyingi kukiwa na dokezo la safari au juhudi. "How did you get here?" ni "umefikaje hapa?", na swali hilo linahusu njia na chombo cha usafiri. Wanafunzi hushangaa kwamba husemwa "get to work" lakini "get home" bila "to". Sababu ni kwamba "home", kama "here" na "there", katika matumizi haya ni kielezi ambacho tayari kimebeba mwelekeo ndani yake, na Mswahili hapaswi kuona ajabu, kwa kuwa "nyumbani" nalo limebeba kiambishi "-ni" na halihitaji neno jingine mbele yake. Hapa ndipo panapotokea vile vitenzi vyenye vijineno vinavyosumbua, kama "get over", "get through", "get across" na "get by". Vingi vyao huanza kama safari halisi kisha huhamia katika maisha ya ndani ya mtu. "Get over" ni kuvuka juu ya ukuta, kisha ni kupona ugonjwa au kusahau msiba. "Get through" ni kupenya upande wa pili, kisha ni kufaulu mtihani, kumpata mtu kwa simu au kustahimili kipindi kigumu. Kati ya hivyo vyote, ninachokipenda zaidi ni "get on" au "get along" chenye maana ya kuishi vizuri na mtu, kwa sababu Kiswahili hukitafsiri kwa "kupatana", na ndani ya "kupatana" kumejificha "kupata".

Sehemu tajiri kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kauli ya kutendwa. Kiingereza cha vitabuni hujenga kauli hiyo kwa kitenzi "be", na "be" huleta utata wa kudumu. "The window was broken" inaweza kuwa "dirisha lilivunjwa", yaani kuna wakati ambapo mtu alilivunja, au "dirisha lilikuwa limevunjika", yaani msemaji alilikuta hivyo. "The window got broken" huondoa utata, kwa kuwa "get" husema kuvuka na kamwe hakisemi kukaa. Lakini sentensi hiyo haifanani sawasawa na "lilivunjwa". Kauli ya kutendwa ya Kiswahili humfanya msikilizaji aulize ni nani aliyevunja, ilhali kauli ya kutendeka, "lilivunjika", humwondoa kabisa mtendaji. Kauli yenye "get" husimama kati ya hizo mbili: mtendaji anaweza kutajwa, lakini kwa kawaida hatajwi, na macho yote yako kwa aliyefikwa na jambo. Mfasiri mwangalifu ataichagua "-w-" au "-ik-" kulingana na muktadha, wala hatakuwa amekosea kwa kutumia hii leo na ile kesho.

Kwa kuwa macho yako kwa aliyefikwa, kauli hii hupendelea mambo yanayomgusa mtu kwa heri au kwa shari: "he got fired", alifukuzwa kazi, "she got promoted", alipandishwa cheo, "they got robbed", waliibiwa. Haipendelei vitenzi vya kujua au kuamini, na hakuna anayesema kwa kawaida kwamba jibu "got known". Wakati mwingine huongeza kivuli cha lawama, hasa likiongezwa neno la kujirejelea: "he got himself arrested" ni zaidi ya kukamatwa, ni kujiponza hadi akakamatwa. Karibu na hapo pana kundi dogo la vitendo ambavyo mtu hujitendea, kama "get dressed", kuvaa, "get lost", kupotea, na "get married". Hili la mwisho huficha jambo ambalo Kiswahili sanifu hulifichua, kwa kuwa sisi hatuna budi kuchagua kati ya alioa, aliolewa na walioana, na mfasiri asiyejua kama anayezungumziwa ni mwanamume au mwanamke hukwama hapo hapo.

Upande wa kutendesha, Kiingereza kina vitenzi vitatu ambavyo wanafunzi huvichanganya. "I made him sign" ni nilimlazimisha atie saini. "I had him sign" ni nilimwagiza atie saini, kwa kuwa nilikuwa na mamlaka au nilimlipa. "I got him to sign" ni nilimshawishi au nilihangaika naye mpaka akatia saini. Kitenzi cha tatu peke yake ndicho kinachotaka "to", na hilo si pambo, kwa maana linaonyesha umbali kati ya juhudi ya mmoja na kitendo cha mwingine, umbali ule ule wa safari tuliouona katika "get to work".

Muundo wa pili wa kutendesha unastahili kutazamwa polepole. Linganisha "I got my watch repaired", "I got my watch stolen" na "I got the work finished". Sarufi ya zote tatu ni moja, lakini katika ya kwanza niliagiza jambo na likafanywa na fundi, katika ya pili nilitendewa ubaya bila kutaka, na katika ya tatu mara nyingi niliyemaliza kazi ni mimi mwenyewe. Hakuna neno ndani ya sentensi linalotoa uamuzi. Ujuzi wetu wa dunia ndio unaoamua, kwa kuwa tunajua watu hutafuta fundi na hawatafuti mwizi. Sentensi ya tatu huhitaji Kiswahili kingine kabisa, kwa mfano "nilifaulu kuimaliza kazi". Lakini mbili za kwanza hukutana katika kauli yetu ya kutendewa: "nilitengenezewa saa" na "niliibiwa saa". Kiswahili nacho humweka mbele mtu aliyeguswa na tendo, jema au baya, na humwachia msikilizaji kazi ya kutambua kama alilitaka. Sidhani kuna mahali pengine ambapo lugha hizi mbili hufikiri kwa namna inayofanana hivyo.

Walimu wengi huwaambia wanafunzi waepuke "get" katika maandishi rasmi na watumie "receive", "obtain", "acquire" au "arrive". Ushauri huo una historia nyuma yake, kwa kuwa maneno hayo yana asili ya Kilatini na mengi yalipitia Kifaransa, lugha iliyotawala mabaraza ya Uingereza baada ya Wanormani kuiteka mwaka 1066, na tangu wakati huo yamekaa ofisini huku neno la Waskandinavia likikaa nyumbani. Kwa barua rasmi ushauri unafaa. Kwa kuielewa lugha inayosemwa haufai, kwa sababu hayo maneno mazito hushika nafasi ya umiliki na ya mahali tu. Katika matumizi mengi ya kisarufi hayana uwezo wowote.

Mojawapo ya matumizi hayo ni "have got". Mtu husema "I've got a ticket" akiwa na maana ya "ninayo tiketi", na mwanafunzi huuliza kwa nini kitendo cha kupata kimegeuka kuwa hali ya kuwa na kitu. Mswahili ana jibu mdomoni mwake. "Amelala" ni hali ya kitendo kilichokamilika kiasi kwamba tunaona matokeo yake sasa: yuko usingizini. "Amevaa kofia" ni kwamba kofia iko kichwani. Kwa mantiki hiyohiyo, aliyekwisha kupata tiketi anayo. Wamarekani wameitunza njia ya kutenganisha mambo haya mawili, kwa kuwa wao husema "I've got a ticket" kwa "ninayo" na "I've gotten a ticket" kwa "nimeipata". Umbo "gotten" si ubunifu wao, bali ni umbo la zamani ambalo Waingereza waliliacha kwa sehemu kubwa, likabaki kwao katika maneno kama "ill-gotten", lisemwalo kuhusu mali iliyopatikana kwa njia ya haramu.

Kutoka kuwa na kitu, Kiingereza kilivuka hadi kulazimika: "I've got to go" ni "sina budi kwenda". Tazama jinsi Kiswahili nacho kimetumia kuwa na kitu, au kutokuwa nacho, kueleza wajibu, kwani "sina budi" ni kusema kwamba sina njia ya kukwepa. Katika usemi wa haraka kitenzi kisaidizi humezwa, ikabaki "I got to go", na hapo sentensi hugongana na nyingine iliyoandikwa vilevile, yenye maana ya kwamba nilipata fursa ya kwenda. Moja inasema nalazimika, nyingine inasema nilibahatika. Masikio huzitenganisha mara nyingi, kwa kuwa ile ya wajibu huunganishwa ikawa "gotta", na ile ya fursa kwa kawaida huyaacha maneno mawili yasimame. Anayesoma hana sauti ya kumsaidia, lakini anaweza kuigeuza sentensi kuwa kanushi. Wajibu ukikanushwa huwa "I haven't got to go", yaani si lazima niende. Fursa ikikanushwa huwa "I didn't get to go", na tafsiri yake, sawa na ile "sijapata kuona" tunayoitumia bila kufikiri, ni "sikupata kwenda".